Matoleo Mawili ya Python Katika Kompyuta Moja: Jinsi ya Kuhama Bila Kupoteza Hesabu

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa pamoja kule Tetu. Tangu mwaka wa 2014, hesabu zao za kila mwezi zimekuwa zikifanywa na programu fupi ambayo binamu yangu aliwaandikia alipokuwa mwanafunzi wa chuo. Haina makuu. Inachukua fedha zilizosalia baada ya gharama ya usafiri kukatwa, inazigawa kwa jumla ya lita ili kupata bei ya lita moja, kisha inazidisha bei hiyo kwa lita za kila mwanachama na kutoa orodha ya malipo. Miaka yote hiyo ilikaa ndani ya kompyuta moja kuukuu na hakuna aliyeigusa.

Mwaka huu kompyuta hiyo ilikufa. Kikundi kikanunua nyingine, na kijana wa jirani akaweka Python mpya, akanakili faili kutoka kwenye flashi, akaiendesha. Ikakataa. Kompyuta ililalamika kwamba neno print halina mabano. Kijana akaongeza mabano kila palipotakiwa, na programu ikaenda bila lawama. Ili kuijaribu, akaipa takwimu za mwezi uliotangulia, ambazo zilikuwa zimekwisha kulipwa: shilingi 212,500 kwa lita 5,000. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Orodha ya zamani ilionyesha kuwa mama aliyeleta lita 300 alilipwa shilingi 12,600. Orodha mpya ilisema alistahili 12,750. Programu ni ileile, takwimu ni zilezile, lakini majibu ni mawili.

Jioni hiyo nilipigiwa simu. "Mwanangu, wewe si ndiye wa mambo ya kaunti na kompyuta? Basi niambie, hii mpya inatuzidishia, au ile ya zamani ilikuwa inatupunja?"

Mimi nimesomea uandishi wa habari, si uhandisi wa kompyuta, lakini kwa kazi yangu hii nimelazimika kujifunza Python kidogo ili kupanga takwimu ninazowaletea katika jarida hili. Nilipofungua faili ya binamu yangu, jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja tu, ule wa kugawa.

Katika Python ya toleo la 2, ukigawa namba nzima kwa namba nzima nyingine, unapewa namba nzima na sehemu iliyobaki inatupwa. Shilingi 212,500 kwa lita 5,000 ni shilingi 42 na senti 50, lakini toleo la 2 husema 42, na halitoi onyo lolote. Toleo la 3 husema 42.5. Senti hamsini hizo, mara lita 5,000, ni shilingi 2,500 kwa mwezi huo mmoja. Kuna miezi ambayo sehemu iliyotupwa ilikuwa ndogo, na mingine ilikaribia shilingi nzima kwa kila lita.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo yale masalio! Kila mwezi kulikuwa na pesa zinabaki benki hatujui zimetoka wapi. Tulikuwa tukiziita za chai." Zilikuwa zinanunua mikate na majani ya chai ya mkutano. Kwa hivyo hakuna aliyeiba. Ila kuna akina mama waliolipwa pungufu kwa miaka, na waliopungukiwa zaidi ni wale walioleta maziwa mengi.

Tangu nilipokisikia kisa hiki nimeona haja ya kueleza jambo ambalo vijana wetu wa kompyuta hulijua nusu nusu, na wenye vikundi, shule na biashara ndogo hawalijui kabisa: lugha ya kuandikia programu ina matoleo, kompyuta moja inaweza kubeba matoleo kadhaa, na ni wewe unayepaswa kuamua ni lipi linafanya kazi ipi.

Neno toleo hapa lina maana ileile liliyo nayo kwa jarida hili. Toleo jipya likichapishwa, la zamani haliteketei. Bado liko kwenye rafu ya mtu, na lililoandikwa ndani yake linabaki vile lilivyoandikwa. Python ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka wa 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Toleo la 2 lilitoka mwaka wa 2000. Desemba 2008 likaja toleo la 3, na safari hii waundaji waliamua kurekebisha makosa ya zamani hata kama programu nyingi zilizokuwepo zingevunjika. Mojawapo ya makosa hayo lilikuwa ule ugawaji. Watu hawakuhama kwa haraka, na matoleo yote mawili yaliendelea kutunzwa bega kwa bega hadi tarehe 1 Januari 2020, toleo la 2 lilipoachwa rasmi. La mwisho kutolewa katika ukoo huo ni 2.7.18, Aprili 2020.

Nasema haya ili binamu yangu asilaumiwe bure. Mwaka wa 2014, 2.7 ilikuwa bado ndiyo Python ya watu wengi. Hata Juni 2015, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapa Nyeri kilipowakaribisha wanafunzi na wataalamu kutoka pande mbalimbali za Afrika kwa mafunzo ya Data Science Africa, na masomo yakafundishwa kwa Python, toleo hilo lilikuwa bado limetawala. Aliyehifadhi mazoezi yake ya miaka ile na kuyafungua leo anaweza kukutana na malalamiko yaleyale ya mabano. Afadhali hayo ya mabano, maana kompyuta inayokataa kazi huwa imekuonya. Hesabu inayokubali kufanyika ikatoa jibu tofauti ndiyo ya kuogopwa.

Kidokezo kimoja kabla ya kuendelea. Nukta katika namba ya toleo si nukta ya desimali. Python 3.10 si sawa na 3.1, na ni mpya kuliko 3.9. Soma kama "tatu, kumi". Siku hizi toleo jipya la ukoo wa 3 hutoka kila Oktoba, na kila moja hutunzwa kwa takriban miaka mitano kabla ya kuachwa.

Sasa tuingie jikoni. Ukiandika neno python kwenye dirisha la amri, kompyuta inajuaje unamtaka yupi? Fikiria umesimama katikati ya soko la Karatina siku ya soko, ukaita "Wanjiru!" Watageuka wengi. Kompyuta haina subira ya kuuliza yupi; inamchukua wa kwanza inayekutana naye. Ina orodha ya folda, inayoitwa PATH, na huipitia kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini. Folda ya kwanza yenye programu ya jina hilo ndiyo inayoshinda, hata kama kuna nyingine kumi nyuma yake. Ukitaka Wanjiru fulani sokoni unaongeza kitambulisho: Wanjiru wa viazi, Wanjiru wa Mathira. Na kwa Python ni hivyo hivyo, unaongeza namba ya toleo.

Anza kwa kujua ulicho nacho. Fungua dirisha la amri, andika mstari huu kisha ubonyeze Enter:

python --version

Kwenye Linux na Mac huenda ukahitaji kuandika python3 badala ya python. Halafu fanya jaribio hili la ugawaji, ambalo linafanya kazi kwenye matoleo yote mawili:

python -c "print(7/2)"

Ukipata 3.5, uko kwenye toleo la 3. Ukipata 3, uko kwenye toleo la 2, na kila programu ya fedha iliyo katika kompyuta hiyo inafaa kukaguliwa leo hii.

Wengi wetu hapa, kutoka saiba za mjini Nyeri hadi maabara za shule kule Othaya na Mukurwe-ini, tunatumia Windows, na kwa bahati nzuri Windows ndiyo rahisi zaidi kwa jambo hili. Ukiweka Python 3 kutoka tovuti rasmi ya python.org, unapata pamoja nayo msaidizi mdogo aitwaye py. Kazi yake ni kujua matoleo yote yaliyosakinishwa na kukuitia unayemtaka. Kuona orodha:

py --list

Kuendesha faili kwa toleo unalolichagua:

py -3.12 maziwa.py
py -2.7 maziwa.py

Hakuna haja ya kuondoa toleo moja ili kuweka jingine. Kila toleo hukaa katika folda yake na hayagombani. Kisakinishi cha 2.7.18 bado kinapatikana kwenye tovuti hiyohiyo kwa anayehitaji kuendesha faili ya zamani. Ila nisisitize: toleo hilo halitengenezewi tena viraka vya usalama. Litumie kwa faili yako ya zamani ndani ya kompyuta yako, na usilitumie kuendesha kitu chochote kinachofikiwa kupitia intaneti. Na ukiandika python tupu kwenye Windows ukaona duka la Microsoft limefunguka, usishtuke wala usidhani umevamiwa. Ni Windows tu inayokuelekeza dukani kwa sababu haikuona Python yoyote kwenye ile orodha ya PATH.

Kwenye Linux mambo yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa naomba niungame kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa naanza, nilikuwa na Ubuntu kwenye kipakatalishi changu, na nilitaka toleo jipya kuliko lililokuwemo. Nikafikiri kama fundi wa mabati: ng'oa la zamani, pigilia jipya. Nikaamuru Python 3 iondolewe. Kompyuta ikaniletea orodha ndefu ya vitu vingine vitakavyoondoka pamoja nayo, ikaniuliza kama nina hakika. Sikuisoma. Nikabonyeza Y. Nilipoiwasha tena, hakukuwa na madirisha, hakukuwa na picha, kulikuwa na maandishi meupe kwenye giza. Ubuntu yenyewe hutegemea Python kwa shughuli zake nyingi za ndani, na mimi nilikuwa nimekata tawi nililokalia. Nilipoteza wikendi nzima kuirudisha.

Kwa hivyo Python iliyokuja na Linux yako iache ilivyo. Usiiondoe, wala usibadilishe jina python3 la mfumo lielekee kwingine. Ukifanya hivyo hata dirisha la amri lenyewe linaweza kukataa kufunguka. Weka matoleo yako pembeni. Chombo ambacho wengi hutumia kwa kazi hii ni pyenv. Kikishawekwa, unaleta toleo unalotaka hivi:

pyenv install 3.12
pyenv install 2.7.18

Jua kwamba pyenv huleta msimbo asilia na kuujenga papo hapo ndani ya kompyuta yako. Kwanza utahitaji kusakinisha vifaa vya ujenzi vinavyotajwa kwenye maelekezo yake, na kwa mashine dhaifu kazi yenyewe inaweza kuchukua dakika nyingi. Usianze ukiwa umebakisha bando la shilingi ishirini, na ikiwa stima ya kwenu ina tabia ya kupotea mvua inaponyesha, chaji betri kwanza.

Baada ya hapo, kuna njia tatu za kuchagua, na tofauti yake ni upana wa agizo:

pyenv global 3.12
pyenv local 2.7.18
pyenv shell 2.7.18

Amri ya kwanza inaweka toleo la kawaida kwa kazi zako zote. Ya pili inahusu folda uliyomo tu: pyenv inaandika faili ndogo iitwayo .python-version ndani ya folda hiyo, na kila ukiingia humo toleo hubadilika lenyewe, ukitoka linarudi. Ya tatu inadumu hadi ufunge dirisha hilo la amri. Zikigongana, ya dirisha inashinda ya folda, na ya folda inashinda ya jumla. Kwa maoni yangu, ile ya folda ndiyo yenye manufaa zaidi kwa watu wa kawaida kama sisi, kwa sababu haitegemei kumbukumbu ya mtu. Folda ya maziwa inajua toleo lake, ya takwimu za shule inajua lake, na atakayekuja baada yako ataikuta faili hiyo ndogo ikimweleza.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili la matoleo. Programu nyingi hutegemea maktaba za ziada zilizoandikwa na watu wengine, na maktaba hizo nazo zina matoleo yao. Ili za kazi moja zisivuruge za kazi nyingine, kila kazi hutengenezewa chumba chake:

python3.12 -m venv chumba

Ubuntu huenda ikakudai kwanza usakinishe kifurushi cha venv cha toleo hilo, fuata inavyokuelekeza. Kwenye Linux na Mac unaingia ndani ya chumba kwa amri source chumba/bin/activate, na kwenye Windows kwa chumba\Scripts\activate. Kutoka, andika deactivate. Vijana wengi hudhani chumba hiki kinaweza kubadilishiwa toleo baadaye. Hakiwezi. Kimejengwa juu ya toleo lililokianzisha, na ukitaka jingine unakifuta na kujenga upya. Ndiyo maana inafaa kuandika orodha ya maktaba zako mapema, ukiwa bado umo ndani:

pip freeze > requirements.txt

Wanaoandika kwa lugha nyingine wana vyombo vyao vya jinsi hiyo. Watumiaji wa Node wana nvm, na wa Java wana SDKMAN. Amri ni tofauti lakini wazo ni hilohilo.

Nirudi Tetu. Siku ya Jumamosi nilikwenda na kompyuta yangu, yenye matoleo yote mawili. Tulichukua takwimu za mwezi mmoja baada ya mwingine, kuanzia daftari la kwanza alilokuwa nalo katibu. Kila mwezi tuliuendesha mara mbili: faili ya zamani bila kuguswa, kwa 2.7.18, ili tuone kikundi kililipa nini hasa; kisha faili iliyorekebishwa, kwa 3.12, ili tuone kilipaswa kulipa nini. Tofauti ya kila mwanachama iliandikwa kando. Bila toleo la zamani tusingeweza kuthibitisha kwamba hesabu yetu ndiyo iliyotoa orodha zile za miaka iliyopita. Na zililingana na daftari hadi shilingi ya mwisho, isipokuwa mwezi mmoja ambao katibu alikuwa ameandika kwa mkono stima ilipokatika.

Tukiwa katikati tukagundua mtego wa pili, ambao nauweka hapa kwa faida ya kila mweka hazina. Kikundi kilikuwa kimeomba malipo yafikishwe kwenye shilingi nzima, na kwa bei ya 42.5 mwenye lita 301 anastahili 12,792.5. Toleo la 2 hukadiria nusu kwenda juu: 12,793. Toleo la 3 hukadiria nusu kwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu: 12,792. Lakini mwenye lita 303, anayestahili 12,877.5, anapata 12,878 katika matoleo yote mawili. Ni shilingi moja tu, lakini jaribu kueleza shilingi hiyo mbele ya akina mama ishirini na tatu waliokwisha kushuku kompyuta. Tuliamua malipo yahesabiwe kwa senti, yawe namba nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na senti zinazobaki zionyeshwe kwenye mstari wake chini ya orodha ili kila mtu azione.

Kabla ya kuondoka niliandika mistari mitatu juu kabisa ya faili mpya: toleo inalotumia, tarehe iliyobadilishwa, na kilichobadilishwa. Faili ya zamani imebaki ilivyo katika folda yake, na .python-version yake inasema 2.7.18. Shangazi ameandika hayo yote pia kwenye jalada la daftari la kikundi kwa kalamu, kwa sababu, anasema, kompyuta ya kwanza ilikufa bila kuaga.

Kuhusu zile pesa za nyuma, kikundi kilikubaliana kulipa kidogo kidogo kutoka kwenye akiba iliyosalia benki, kwa kuanzia na waliopungukiwa zaidi. Chai ya mikutano sasa wanachanga.